Picha za Ng'ambo zilizomo majumbani: zitolewe hadharani au zibaki sandukuni?

Mwanzisha mada

Ndugu wasomaji, ninaleta suala ambalo limeugawa ukoo wetu. Vijana wanataka picha zote za zamani tulizonazo za mitaa ya Ng'ambo, upande wa mji wa Unguja ulio nje ya Mji Mkongwe, zinakiliwe na kuwekwa kwenye intaneti, ili kila mtu aweze kuzitazama, na wazee wengi wanakataa. Mimi niko upande wa vijana.

Mji wa Unguja ulipigwa picha zaidi kwa upande wa baharini. Studio za akina Gomes na Coutinho ziliuza kadi za posta kwa wageni, na kwa hiyo forodha, majumba ya masultani na vichochoro vya Shangani tunavijua vilivyokuwa. Tukitaka kujua Beit al-Ajaib ilibadilika vipi, tunazipanga picha tu: zile za baada ya mwaka 1883 zinaonyesha mnara ukiwa umesimama peke yake mbele ya jumba, na zile zilizopigwa baada ya mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896 zinaonyesha mnara mpya wa saa ukiwa umeunganishwa na jumba lenyewe. Sehemu ya jumba hilo ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020, hapakuwa na haja ya kukisia lilikuwa na sura gani.

Ng'ambo haina bahati hiyo. Upande ule wa pili wa mkondo uliokwisha kufukiwa, ambao daraja lake limebaki katika jina la Darajani tu, ndiko walikoishi wachukuzi, mafundi, wavuvi na watu waliotoka utumwani. Ndiko alikoishi mwimbaji wa taarab Siti binti Saad, na ndiko wapangaji walikogoma kulipa kodi ya ardhi mwaka 1928. Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na mpaka wa eneo hilo uliiacha sehemu kubwa ya Ng'ambo nje. Baada ya Mapinduzi ya 1964, serikali ya Mzee Karume ilijenga majumba ya Michenzani kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, na nyumba nyingi za udongo na mawe zilizokuwa katika njia ya barabara zile mbili pana zikavunjwa. Mitaa hiyo imebaki katika albamu za watu.

Ninayo picha moja mbele yangu. Imepigwa asubuhi ya Idi Mosi, na nyuma yake bibi ameandika kwa hati za Kiarabu, "mlangoni kwetu". Ami yangu amesimama na baiskeli, kanzu imenyooka, na ndiye aliyekusudiwa kupigwa picha. Mimi ninatazama vilivyo nyuma yake: baraza iliyopakwa chokaa mpya, isipokuwa pembeni ambako kiambaza kimebambuka na fito zinaonekana, bati la paa lililotengenezwa kwa madebe yaliyokunjuliwa, mfereji wa maji wa mtaa na ndoo zilizopangwa foleni bila wenyewe, kwa kuwa siku ile kila mtu alikuwa amevaa vizuri. Nyumba hiyo haipo, na sijui ramani inayoweza kunionyesha kwamba mfereji ulikuwa hatua sita tu kutoka barazani.

Wanaopinga, nielezeni ni kwa hoja gani kitu kama hiki kinafaa kuliwa na mchwa.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mwanzisha mada, hoja ninayo, nayo ni sitara. Marehemu mama yangu alipigwa picha uani kwetu Mwembetanga akiwa kichwa wazi, kwa sababu aliwajua wote watakaoiona. Ruhusa aliyoitoa ilikuwa ya watu hao, na kufariki kwake hakukuipanua. Nimewahi kuona dukani picha za harusi za watu wa hapa hapa zikiuzwa kwa watalii, zimetiwa fremu, hazina jina. Nilisimama nikamtazama bibi harusi, nikajiuliza kama wajukuu wake wanajua. Tena wako waliohama mwaka 1964 wakaacha kila kitu. Picha zao zilizobaki kwa majirani, nani atazisemea? Unaliita jambo hili kumbukumbu ya umma, lakini umma haukuwepo uani siku ile.

Mchangiaji wa pili

Ninaunga mkono picha zitolewe, ila tusizitumie kuyalaani majumba ya Michenzani. Wazazi wangu walipata huko maji na umeme ndani ya nyumba, na sikuwahi kuwasikia wakiulilia mfereji wa foleni.

Mwanzisha mada

Kuhusu Michenzani sina ubishi. Nyumba ile ilikuwa ikivuja, na bibi mwenyewe alifurahi kuhama. Ninachokidai ni kwamba mtaa uliovunjwa kwa sababu nzuri nao unastahili kukumbukwa ulivyokuwa.

Kuhusu sitara, dada yangu, umenigusa, na ninaondoa neno "zote" nililoliandika mwanzoni. Picha za uani zibaki kwa wenyewe. Za waliohama zisitolewe mpaka jamaa zao waulizwe, na wengi wao wanapatikana, Oman au Uingereza. Zile za njiani zinakiliwe nyumbani mbele ya mwenye nazo, asili ibaki kwake, na kinachoandikwa kiwe jina la mtaa na mwaka, si majina ya watu. Nilidhani utaratibu huo unamaliza tatizo, mpaka jana nilipompelekea shangazi ile picha ya Idi. Kumbe msichana aliyechungulia nyuma ya baiskeli, uso nusu, ni yeye. Sikuwahi kumtambua. Ameniruhusu kuitoa kwa sharti kwamba nimkate yeye. Nimejaribu. Amesimama mlangoni hasa, na nikimkata yeye mlango wote unaondoka, nao ndio pekee uliobaki wa nyumba ile.

Sijaikata, wala sijaitoa. Wenye picha za namna hii mmefanyaje?