Kuvuta dawa kutoka majini: tangi au mnara wa mfululizo?

Binti_Mikindani:
Shikamooni wakubwa. Nimemaliza mafunzo kwa vitendo kwenye kiwanda cha dawa, niko nyumbani Mtwara naandika ripoti. Kule tulikoroga maji yenye dawa pamoja na ethili asetati, kiyeyushi kisichochanganyika vizuri na maji, kwenye tangi, tukazima, tukangoja vitengane. Siku moja katikati pakashika utando mweupe mzito, tukakaa hadi usiku. Msimamizi akasema wengine hupitisha vimiminika hivyo mnarani bila kusimama, kimoja kinashuka, kingine kinapanda, na hupata dawa zaidi. Kiyeyushi si kilekile? Kwa nini kitoe dawa zaidi?

MzeeMaabara_Lindi:
Marahaba mwanangu. Mwangalie bibi yako akikamua nazi. Akitia maji mapya kila mara, anaishia na sufuria la tui jepesi. Lakini tui jepesi akikamulia nazi ambayo haijakamuliwa, na maji matupu akayatia kwenye machicha, anapata tui zito kwa maji machache. Mnara hufanya hivyo: kiyeyushi kipya hukutana na maji yaliyokaribia kuishiwa dawa, kilichokwisha kubeba hukutana na maji mapya.

Piga hesabu. Dawa ipende kiyeyushi mara 3 kuliko maji, uwe na lita 1 ya kila kimoja. Ukikoroga mara moja, 25% inabaki majini. Gawa kiyeyushi mafungu 3, koroga mara 3: 12.5%. Vikipishana kwa hatua 3, kiyeyushi kilekile: 2.5%. Na kila lita usiyoitumia ni lita usiyoichemsha baadaye kuirudisha. Hapo ndipo kuni zinapookolewa.

Mama_Dawa:
Ongeza suala la muda. Penisilini huhamia kwenye kiyeyushi maji yakiwa na asidi, pH 2 hadi 2.5, na asidi hiyohiyo huivunja. Ndiyo maana miaka ya 1940 Marekani walitumia mashine ya Podbielniak, inayozunguka kwa kasi na kutenganisha upesi. Ungengoja tangini, dawa ingeharibika.

Ila mdogo wangu, mnara hauponyi utando. Ukikoroga kwa nguvu utaupata humohumo. Chuja uchafu kwanza, punguza kasi. Na kiwanda kinachobadilisha dawa kila wiki kisidharau tangi; kuliosha ni rahisi.

Binti_Mikindani:
Asanteni sana. Hiyo 2.5% nimeirudia mara mbili kwa kalamu, imetoka. Bibi amenipa nazi sita. Nazikuna pamoja, nagawa mafungu sawa, nakamua kwa njia zote mbili kwa maji yaleyale, kisha nachemsha kila tui nipime mafuta.