Kusimamia hospitali: serikalini au binafsi, wapi panahitaji ujuzi zaidi?

Ngosha_Dkt
Wakuu, habari za jioni. Nimependekezwa kuwa mganga mfawidhi, yaani daktari msimamizi, wa hospitali ya halmashauri, na wakati huohuo hospitali moja binafsi inanitaka niwe meneja wa tiba. Mishahara nimeshailinganisha, sina swali hapo. Naomba kujua kazi yenyewe: meneja wa huku na wa kule anatakiwa kujua nini?

Katibu wa Afya
Hongera, daktari. Tofauti kubwa ni watumishi. Binafsi ukikosa muuguzi wa chumba cha upasuaji, unatangaza, unasaili, unaajiri. Serikalini unapeleka ikama (orodha ya watumishi unaowahitaji), TAMISEMI, yaani wizara ya serikali za mitaa, inapanga, na atakayeletwa ndiye wako. Akiwa mzembe humwondoi kwa siku moja: ni barua, maelezo, kisha mamlaka ya nidhamu. Kwa hiyo ujuzi wa huku ni kumfanya mtu usiyemchagua na usiyemlipa ajitume. Zamu zipangwe kwa haki, posho zisiwe na upendeleo, na wewe uonekane wodini usiku. Chuoni hatukufundishwa hayo.

Mhasibu_Dodoma
Naongezea fedha. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa afya, unaochangiwa na wafadhili, zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, hazibaki halmashauri. Dawa zikikosekana MSD (bohari ya dawa ya serikali) unanunua kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi aliyeidhinishwa, tena kwa utaratibu. Manunuzi yenyewe sasa yanapita NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi mtandaoni. Mfawidhi asiyeweza kusoma taarifa ya mapato na matumizi anabaki kusaini alichoandaliwa, na siku ya ukaguzi anayehojiwa ni yeye.

Dada_Mapokezi
Niko binafsi, na msimwambie kaka yetu kwamba huku ni mteremko. Fomu ya bima ikikosewa kidogo, dai linakatwa na mshahara wa watu unayumba. Machi 2024 hospitali nyingi binafsi zilisitisha kupokea kadi za NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, kwa sababu ya bei mpya za kuzilipa hospitali; aliyekuwa anamtegemea mlipaji mmoja aliona moto. Halafu kuna mmiliki. Anataka mashine ya CT irudishe fedha zake, na meneja ndiye wa kumwambia kwamba mgonjwa hapimwi kwa ajili ya marejesho. Anayeweza kusema hivyo bila kugombana ni meneja kwelikweli.

Mzee wa Moshi
Tusisahau historia. Hapa Tanzania hospitali za kibiashara zilipigwa marufuku 1977, zikaruhusiwa tena 1991. Ndiyo maana nyingi bado zinaendeshwa na daktari mwenyewe na familia yake. Zipo pia za kidini kama KCMC na Bugando, zenye mmiliki wa kanisa na watumishi wengi wanaolipwa na serikali. Meneja wa huko anahitaji ujuzi wa pande zote mbili.

Ngosha_Dkt
Asanteni. Na wagonjwa wa msamaha, wanaotibiwa bila kulipa? Wajawazito, watoto chini ya miaka mitano, wazee wasiojiweza. Nani anafidia?

Katibu wa Afya
Fidia haitoshi, daktari. Fedha za papo kwa papo na bima ndizo zinazobeba dawa zao, ndiyo maana mfawidhi anayeacha makusanyo yavuje anamuumiza mjamzito wa kijijini kabla ya mtu mwingine yeyote. Mimi ningekushauri uanze serikalini. Lakini kabla hujakubali, ulizia deni la hospitali hiyo MSD, na uone daftari la makusanyo la miezi ya karibuni.