Naomba ushauri: programu-jalizi ipi ya kupanga mafaili ndani ya Neovim, nvim-tree au oil.nvim?

Jambo ndugu zangu. Niko Goma, natumia Neovim (programu ya kuandikia kodi) kwenye laptopu ya zamani, RAM ni GB 4, Linux. Mpaka sasa nilikuwa na netrw, ile ya kuvinjari mafaili inayokuja na Neovim yenyewe, lakini imenichosha. Jana nilikuwa nabadilisha majina ya picha 30 za tovuti ya duka la vitenge la dada yangu: kila jina nabonyeza R, naandika, Enter, tena R.

Nimejaribu nvim-tree. Mti wa pembeni naupenda, ila penye alama za folda naona viboksi vitupu. Naambiwa nipakue Nerd Font (fonti yenye alama hizo), na mega zangu ni za kuhesabu. Kisha oil.nvim: folda inafunguka kama maandishi ya kawaida, unabadilisha majina yote kwa mpigo kwa :%s (amri ya kutafuta na kubadilisha), ukisevu na kukubali, yote yamebadilika. Tamu! Lakini ukifuta mstari, kisha ukasevu na kukubali, faili nalo limekwenda, na mimi dd (amri ya kufuta mstari) hunitoka mkononi tu.

Kwenye oil, mnaotumia delete_to_trash (mpangilio wa kupeleka faili kwenye pipa la taka badala ya kulifuta), mmewahi kurudisha faili kweli? Na nikiweka zote mbili, nizime ipi isigombanie folda nikiandika nvim . (kufungua folda niliyomo) kwenye teminali?