Mjadala: Kesi za kashfa zinalinda heshima ya mtu au zinaua magazeti?

Kalamu Nyekundu (mwanzisha mada):
Wakuu, naomba tulijadili hili. Gazeti dogo linaandika habari ya zabuni iliyopikwa. Mwenye kampuni hakanushi hata mstari mmoja. Anafungua kesi ya kashfa, yaani kwamba amechafuliwa jina, na kudai fidia ambayo gazeti lisingeifikisha hata likiuzwa pamoja na meza na viti vyake. Kesi inaahirishwa mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Hukumu inakuta gazeti limeshazikwa. Daphne Caruana Galizia, mwandishi wa Malta aliyeuawa kwa bomu ndani ya gari lake Oktoba 16, 2017, alikufa akiwa na kesi za kashfa zaidi ya 40. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ukapitisha sheria ya kuwawezesha majaji kuzitupa mapema kesi za namna hiyo. Je, nchi nyingine nazo ziwe na sheria kama hiyo?

Msomaji wa Jumapili:
Kama ulichoandika ni kweli, mahakama unaiogopea nini? Ninachokiona hapa ni magazeti ya umbea yanatafuta kibali cha kuchafua watu.

Mpanga Kurasa:
Msomaji, hilo neno umbea naomba ulifute. Nimepanga kurasa za gazeti la kila wiki miaka tisa. Tulikuwa watu sita. Habari tuliyoshtakiwa kwayo tulikuwa na nyaraka zake zote. Wakili wetu alilipwa kila aliposimama mahakamani, hata siku ambayo kesi iliahirishwa ndani ya dakika tano. Shahidi wetu mkubwa akahamishwa kikazi, na tangu hapo simu zetu hakupokea tena. Hatukufika kwenye hukumu. Tulifika siku ambayo mpiga chapa alikataa kutuchapia kwa mkopo, kwa sababu na yeye alikuwa ameunganishwa kwenye kesi kama mdaiwa wa tatu. Sasa niambie umbea uko wapi.

Wakili Kijana:
Pole kaka, ila usituweke mawakili kwenye kundi la waliowaua. Kusimama mahakamani ni kazi, hata kesi ikiahirishwa. Kuna mawakili wengi wanaotetea magazeti bila malipo na hawatajwi kokote.

Mpanga Kurasa:
Sikusema mawakili walituua. Nimesema tulilipa.

Wakili Kijana:
Ulivyoliandika, linasomeka hivyo. Tuyaache. Msomaji nimjibu hivi: katika nchi nyingi zilizorithi sheria ya Kiingereza, mdai hana haja ya kuthibitisha kwamba habari ni ya uongo. Inachukuliwa kuwa ni ya uongo mpaka gazeti lithibitishe ukweli wake, kwa mashahidi, siku itakapopangwa. Kuujua ukweli ni jambo moja, kuuthibitisha kwa viwango vya mahakama ni jambo jingine, na hilo la pili lina bei. Halafu sheria hiyo ya Ulaya aliyoitaja mwanzisha mada inahusu kesi zenye sura ya kuvuka mipaka ya nchi. Kesi za ndani kila nchi inajipangia.

Mzee wa Maktaba:
Vijana, tajiri anayeshtaki si lazima awe msafi. Robert Maxwell, tajiri wa magazeti wa Uingereza, aliwakimbiza wahariri kwa kesi za kashfa miaka na miaka. Alipokufa baharini Novemba 1991 ndipo ilipojulikana kwamba mamia ya mamilioni ya pauni yalikuwa yamechotwa kwenye mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wake. Na yule mwendesha baiskeli Lance Armstrong, alilishtaki gazeti la Sunday Times la Uingereza kwa habari iliyogusia dawa za kuongeza nguvu. Mwaka 2006 gazeti likamlipa pauni 300,000 kumaliza kesi. Mwaka 2013 akakiri kwa kinywa chake kwamba alizitumia. Gazeti lile lilikuwa na tajiri nyuma yake, likaweza kusubiri hadi likarudi kumdai. Gazeti la akina Mpanga Kurasa lingesubiri kwa fedha zipi?

Binti wa Mwalimu:
Mnaongea kana kwamba wanaoshtaki ni matajiri peke yao. Baba yangu alikuwa mwalimu mkuu. Gazeti moja liliandika ukurasa wa mbele, jina lake na picha yake, kwamba amekula ada za mitihani. Haikuwa kweli. Mhasibu alikamatwa baadaye. Radhi ilitoka baada ya miezi minane, ukurasa wa ndani, chini ya matangazo ya vifo, maneno hayajai kiganja. Miezi yote hiyo baba alikuwa anatoka nyumbani kukishaingia giza. Hiyo sheria yenu ya kutupa kesi mapema ingemtupa na yeye?

Kalamu Nyekundu:
Dada, pole sana kwa mzee. Lakini tusitoke kwenye mada, tunazungumzia kesi za kunyamazisha.

Binti wa Mwalimu:
Mada ndiyo hiyo hiyo. Kunyamazishwa kwa baba yangu nako mnakuitaje?

Msomaji wa Jumapili:
Mjibuni huyo dada. Kosa linapigwa herufi kubwa mbele, radhi inafichwa nyuma. Kila gazeti, kila nchi.

Kalamu Nyekundu:
Si kila gazeti. Marekani miaka ya sitini kuna kesi iliamua kwamba kiongozi wa umma hawezi kulifilisi gazeti kwa makosa madogo madogo.

Wakili Kijana:
Ni kesi ya Sullivan, uamuzi wa Machi 9, 1964. Gazeti la New York Times lilichapisha tangazo la watetezi wa Martin Luther King, lililolalamikia polisi kuwatesa watu weusi. Lilisema King amekamatwa mara saba, kumbe ni mara nne. Sullivan, kamishna aliyesimamia polisi wa mji wa Montgomery kule Alabama, hakutajwa hata jina, lakini baraza la wazee wa mahakama likampa dola 500,000. Mahakama ya Juu ya Marekani ikafuta kwa kauli moja: kiongozi wa umma athibitishe kwamba gazeti lilijua ni uongo, au halikujali kama ni uongo.

Msomaji wa Jumapili:
Kwa hiyo gazeti lilikosea, na likashinda. Nilichokisema ndicho hicho.

Wakili Kijana:
Lilikosea hesabu. Na kamishna yule alitaka habari za watu weusi kupigwa zisiandikwe. Ukikosa kuiona tofauti hiyo, mimi sina la kukuongezea.

Mzee wa Maktaba:
Taratibu, Wakili. Mimi nina jambo linaloniuma. Tulipigania waandishi wasifungwe kwa kashfa, na tulipata mengi. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, Arusha, Desemba 5, 2014, ilisema kumfunga Konaté, mhariri wa Burkina Faso, kulivunja haki yake. Kenya, Mahakama Kuu ikaliondoa kosa la jinai la kashfa Februari 2017. Nilidhani tumemaliza. Kumbe jela ilimtisha mwandishi mmoja. Fidia inamtisha mwenye gazeti, mpiga chapa, msambazaji, hadi mtangazaji wa biashara. Wote wanamgeukia mwandishi na kumwomba aache.

Binti wa Mwalimu:
Mzee nakuheshimu, na hilo naliamini. Bado hakuna aliyenijibu kuhusu radhi.

Mpanga Kurasa:
Dada, mimi nikujibu, kwa sababu kazi hiyo ilikuwa ya mkono wangu. Radhi ikishaletwa na mhariri, anayeipangia mahali ni mimi. Nilikuwa naambiwa "itafutie nafasi", na nafasi ilikuwa pale panapobaki baada ya matangazo. Niliona ni kulilinda gazeti. Sikuwahi kufikiria kuna mtu nyumbani kwake anafungua ukurasa kwa ukurasa akiitafuta.

Msomaji wa Jumapili:
Umeona sasa? Na uliniambia nifute neno.

Mpanga Kurasa:
Lifute. Tulikosea radhi, habari ile ya zabuni hatukuikosea.

Binti wa Mwalimu:
Kaka, ulipanga radhi ngapi za namna hiyo?

Mpanga Kurasa:
Ninazozikumbuka ni tatu. Mmoja wao alikuwa mwalimu. Si baba yako, jina ni tofauti. Iliwekwa chini ya ratiba ya redio.