Eternal Love, Ashes of Love au Love Between Fairy and Devil: ipi inaibeba vizuri hadithi ileile?

Sarafina_Tanga
Habari zenu wakuu. Nimemaliza tamthilia ya Kichina ya miungu na mapenzi, Eternal Love, episodi zote 58, nikaingia nyingine za aina hiyo, Ashes of Love, na sasa nimo kwenye Love Between Fairy and Devil. Mifupa ni ileile: mwanaume mwenye nguvu asiyecheka, binti asiyejua asili yake, kushuka duniani kuishi kama binadamu, kupoteza kumbukumbu, mwanamke mwenye wivu pembeni, kisha mtu kujitoa mhanga. Mliozitazama zote, mnazipangaje? Kwangu inaongoza Ashes of Love, kwa sababu ya kile kidonge.

Mkuki_Moyoni
Niko na wewe dada. Pale harusini Jinmi, yule binti wa Ashes of Love, anamchoma Xufeng, mwanaume anayempenda, akiamini ndiye aliyemuua baba yake. Xufeng anamuuliza kama aliwahi kumpenda, naye anajibu hapana, na anajibu kwa moyo mmoja, maana tangu azaliwe amelishwa kidonge cha kuzuia mapenzi. Kidonge kinamtoka mdomoni wakati Xufeng ameshapotea. Kutoelewana kumejaa kwenye tamthilia hizi, na mara nyingi neno moja tu lingemaliza ugomvi. Hapa hata wangekaa wakazungumza usiku kucha, Jinmi hakuwa na la kumwambia. Ndiyo maana iliniuma.

Mwana_Mvita
Eternal Love kwanza. Ye Hua, mwana wa mfalme wa mbinguni, anamtoa mpenzi wake Susu macho kwa mkono wake mwenyewe, akiamini anamwepusha na adhabu kubwa zaidi. Susu anajirusha, kisha anakunywa dawa ya kusahau. Wengi husema kusahau ni uvivu wa waandishi. Sikubali. Wachina wana masimulizi ya kale ya Meng Po, bibi anayewanywesha wafu supu ili wasahau maisha waliyotoka kabla ya kuzaliwa upya. Mtazamaji wa kule amekua nayo, kwa hiyo anachosubiri ni kuona nani atakumbuka, na akikumbuka atafanya nini. Kinachonikera ni Su Jin, yule mwanamke mwenye wivu. Hila zake hazibadiliki na mbingu nzima haishtuki!

Chipukizi88
Love Between Fairy and Devil, bila kusita. Mwaka 2020 mamlaka ya utangazaji ya China ilitaka tamthilia zisizidi episodi 40, na hii ina 36. Haina vikao vya kasri visivyoisha. Halafu Dongfang Qingcang, yule mwanaume mwenye nguvu, ana sababu ya kutocheka: baba yake alimng'oa hisia akiwa mtoto. Laana inamfanya aumie kila yule binti, Xiao Lanhua, anapoumia, hivyo mwanzoni anamlinda kwa faida yake mwenyewe. Hisia zikianza kurudi hajui hata kinachomsibu. Mtazame usoni anapolia mara ya kwanza.

Sarafina_Tanga
Chipukizi, umenishawishi niimalize. Na tamthilia nyingine ya aina hii, Till the End of the Moon, je?

Mkuki_Moyoni
Iweke ya mwisho, baada ya hizo tatu. Humo Li Susu (si yule Susu wa Eternal Love) anarudishwa nyuma miaka 500 kumzuia Tantai Jin asigeuke mungu wa maovu. Kila anapomwonyesha wema, wewe unajua ametumwa, Tantai Jin hajui. Usipokuwa umezizoea hizi nyingine hutaona inavyozigeuza.

Mwana_Mvita
Na usiianze usiku kama kesho una kazi. Mwisho wake si wa furaha.