Masta ya elimu maalumu kwa ajili ya watoto wenye disleksia (shida ya kusoma na kuandika), nianzie wapi?

Tichaa_Mbagala
Habari za jioni wadau, naombeni ushauri. Nafundisha darasa la pili shule ya msingi huku Mbagala, digrii yangu ni ya ualimu wa kawaida. Nina mtoto mmoja ananiumiza sana, mwambie asimulie hadithi kwa mdomo darasa zima linatulia kumsikiliza, sasa mpe kitabu, "nyumba" anaanza "nyu", anasimama, anarudia "nyu", jasho linamtoka na wenzake wameshafungua ukurasa mwingine. Mwaka jana alikuwa anachapwa eti mvivu. Nataka kusoma masta nijue kuwasaidia watoto kama hawa, je nichukue elimu maalumu au saikolojia ya elimu? Na kazi itabidi niache?

MamaChaki
Pole mwalimu na hongera kwa kumuona huyo mtoto. Mimi nilichukua elimu maalumu, ila masta niliyosoma ilibeba ulemavu wote, wasioona, viziwi, ulemavu wa akili, hawa wetu wa kusoma na kuandika niliwapata kwenye kozi moja tu. Kwa hiyo kabla hujalipa ada omba orodha ya kozi, angalia kama kuna kozi ya upimaji na kama utafundisha mtoto mmoja mmoja huku msimamizi anakuangalia, jina la digrii lisikusumbue sana. Halafu tasnifu ndo nafasi yako, andika kuhusu kusoma Kiswahili! Mbinu za kuwafundisha kusoma kama Orton-Gillingham zilitengenezwa Marekani kwa ajili ya Kiingereza, ambako herufi moja ina sauti kibao, kwetu a ni a tu. Ndo maana mtoto wetu mwenye disleksia anaweza kusoma maneno karibu yote sawasawa ila polepole mno, hata kwenye Kiitaliano na Kijerumani watafiti wameliona hilo, sasa mwalimu anayehesabu makosa peke yake anampita tu. Mpime na muda.

Kaka_Tandika
Kazi usiache dada. Kama ni mwajiriwa wa serikali omba ruhusa ya masomo kwa barua kupitia kwa mwalimu mkuu, usianze kimya kimya. Chuo Kikuu Huria pale Kinondoni wanafundisha kwa masafa, kaulize, na chuo chochote hakikisha TCU, ile Tume ya Vyuo Vikuu, wanakitambua. Ila mimi naona masta ni utafiti zaidi, ukitaka mikono ijue kazi kuna Chuo cha Ualimu Patandi kule Arusha, wenyewe ni elimu maalumu tu. Na huyo mtoto asisubiri umalize kusoma, mwekee mchanga kwenye sinia aandike silabi kwa kidole huku anaitamka kwa sauti, "nyu", "mba", mistari ya chini ifunike na karatasi abaki na mmoja.

Tichaa_Mbagala
Asanteni sana jamani. Leo wenzake walipotoka mapumziko nimempima kwa saa ya simu, mistari mitano dakika nne na nusu, kosa moja tu. Kosa moja! Kesho nabeba sinia la nyumbani, na Jumatatu napeleka barua kwa mwalimu mkuu. MamaChaki nakuja inbox unionyeshe ulivyopanga tasnifu yako.