Naomba ushauri: maandishi ya vipimo kwenye LibreCAD

Habari zenu ndugu wanachama. Niko Jinja, kwenye karakana ya kuchomelea mageti na madirisha. Vijana wetu wamezoea kuchora kwa chaki sakafuni, nami nawaandikia mwongozo mfupi wa Kiswahili wa LibreCAD, programu ya kuchora michoro ya kiufundi kwenye kompyuta. Nimeichagua kwa sababu ni ya bure, inachora bapa tu, na kompyuta yetu ya mtumba inaimudu. FreeCAD, inayochora vitu kwa umbo la pande tatu, ni nzuri lakini kwa geti naona ni kuua mbu kwa rungu.

Sehemu ya mistari na tabaka imekamilika. Nimekwama kwenye vipimo. Tunachora kwa milimita, ukubwa halisi, kisha tunachapisha kwa skeli ya 1:20 kwenye A4. Maandishi ya vipimo yakibaki na kimo cha 2.5, kwenye karatasi yanakuwa milimita 0.125, hayasomeki hata kwa miwani. Nimejaribu kuongeza kimo hadi 50, yakasomeka, ila mishale ikabaki midogo. Nikarudisha 2.5 na kuweka skeli ya jumla ya vipimo kuwa 20, vyote vikakua pamoja. Hii ndiyo naipenda.

Sasa, je, kuna hasara ya kufundisha njia hii ya pili, hasa mchoro wenye vipande viwili vya skeli tofauti? Na mteja wetu wa Kampala, anayetumia programu ya AutoCAD, hututumia mafaili ya aina ya DWG, sisi tunahifadhi kwa aina ya DXF: mpangilio huo wa vipimo utabaki salama akifungua mchoro wetu kwenye AutoCAD?